Oleg Losev: Tarishi wa maabara aliyeichunguza nuru ya LED, akafa kwa njaa

MTU apitaye Sakina, jijini Arusha, baada ya magharibi, hupokewa na taa ndogo ndogo zisizo na idadi kando ya barabara iendayo Namanga. Zimo katika vibanda vya chipsi na maduka ya dawa, katika pikipiki za bodaboda zinazosubiri abiria, katika chaja za simu na katika tochi za walinzi wa usiku. Nyingi kati ya hizo ni za jamii moja, ile iitwayo LED, ambayo haina uzi wa kuunguzwa wala utambi wa kuchomwa, bali hutoa nuru pale umeme unapopita ndani ya punje ya fuwele.

Wengi wanaozinunua hujua bei yake na nchi zilikotengenezwa. Wachache hujua kwamba mtu wa kwanza kuichunguza nuru hiyo kwa kina, kuitafutia maelezo ya kisayansi na kuiombea hataza, alikuwa kijana wa Kirusi asiye na shahada, aliyeingia maabara kwa kazi ya utarishi na kulala kwenye ngazi za kupandia darini.

Jina lake lilikuwa Oleg Vladimirovich Losev. Alikufa kwa njaa tarehe 22 Januari 1942 katika mji wa Leningrad, uliokuwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Kumbukumbu yake inastahili kufufuliwa leo kwa sababu moja zaidi. Katika maabara mbalimbali duniani, wanasayansi wanatengeneza aina mpya ya taa hizo inayochanganya chembe ndogo mno za madini na polima, yaani vitu vya jamii ya plastiki. Miongoni mwa chembe wanazozitegemea sana ni oksidi ya zinki, ambayo ndiyo iliyokuwa katika fuwele alizozishika Losev mwaka 1922, kabla hajatimiza miaka 19.

Losev alizaliwa tarehe 10 Mei 1903 mjini Tver, kaskazini-magharibi ya Moscow, katika familia yenye asili ya kimwinyi. Baba yake alikuwa ofisa mstaafu wa jeshi la mfalme, ambaye baadaye alifanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha mabehewa ya reli. Asili ya namna hiyo, iliyohesabiwa kuwa heshima kabla ya mapinduzi ya 1917, iligeuka mzigo baada yake.

Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, alihudhuria mhadhara wa hadhara kuhusu redio uliotolewa na mkuu wa kituo cha redio cha mji huo. Tangu siku hiyo hakuwa na hamu ya jambo jingine. Alianza kukizuru kituo hicho, na huko akakutana na mabingwa wawili wa redio wa Urusi, Mikhail Bonch-Bruevich na Vladimir Lebedinsky, waliotambua kwamba kijana yule hakuwa mtazamaji wa kawaida.

Mwaka 1920, baada ya kumaliza shule, alifika Nizhny Novgorod, mji ulioko ukingoni mwa mto Volga. Serikali mpya ya Kisovieti ilikuwa imeanzisha huko maabara ya redio mwaka 1918, na mabingwa wale wawili walikuwa wamehamia hapo. Nchi ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, chakula kilikuwa haba na nafasi za kazi zilikuwa chache. Iliyopatikana kwa Losev ilikuwa ya tarishi, mtu wa kubeba barua na vifurushi. Kwa kuwa hakuwa na chumba, alilala palepale maabara, kwenye kipande cha sakafu mbele ya mlango wa dari.

Mchana alitumwa huku na huko, na muda uliobaki aliutumia kufanya majaribio. Baada ya muda alipandishwa kuwa msaidizi wa maabara. Jambo alilolichagua kulichunguza lilionekana dogo na la kizamani machoni pa wengine, nalo ni fuwele za kunasia mawimbi ya redio.

Redio za zama hizo zilikuwa za namna mbili. Kulikuwa na zile za vali, chupa za kioo zilizoondolewa hewa, ambazo zilikuwa na nguvu lakini zilikuwa ghali na zilikula betri kwa pupa. Nyingine zilikuwa redio za fuwele, zilizotumia kipande cha madini kilichoguswa na sindano nyembamba. Hizo zilikuwa rahisi, ila hazikuweza kuikuza sauti. Msikilizaji aliisogeza sindano juu ya jiwe, nukta baada ya nukta, hadi apate mahali paliposikika kitu, kisha alitegea sikio bila kupumua.

Ilikuwa ikiaminika kwamba fuwele haiwezi kamwe kukuza mawimbi. Losev alishangaa ni kwa nini iwe hivyo. Alijaribu madini mbalimbali, akiyapitishia umeme kidogo kutoka kwenye betri na kupima kila badiliko kwa uvumilivu mkubwa.

Januari 1922 alipata alichokuwa akikitafuta katika zinkaiti, madini ya oksidi ya zinki. Kwa kawaida volteji ikiongezwa, mkondo wa umeme nao huongezeka. Katika zinkaiti iliyoguswa kwa ncha ya chuma au ya kaboni, Losev aliona eneo ambamo volteji ikipanda, mkondo hushuka. Hali hiyo, ambayo wanafizikia huiita ukinzani hasi, iliiwezesha fuwele kuzalisha mawimbi yake yenyewe na kuyakuza yale dhaifu yaliyotoka mbali. Kazi iliyodhaniwa kuwa ya vali peke yake sasa ilifanywa na kijiwe.

Chombo hicho kiliitwa kristadini. Mafundi wa kujitegemea katika Umoja wa Kisovieti walikiunda kwa wingi, na habari zake zilivuka mipaka. Septemba 1924 jarida la Radio News la Marekani, lililoongozwa na Hugo Gernsback, lilikitangaza kwa shangwe kuwa mapinduzi katika elimu ya redio. Losev alikuwa na umri wa miaka 21.

Hata hivyo, sifa hazikudumu. Fuwele nzuri za zinkaiti hazikupatikana kila mahali, na ile nukta yenye nguvu juu ya jiwe ilipotea kwa mtikisiko mdogo tu. Zaidi ya hayo, elimu ya fizikia ya wakati ule haikuwa na nadharia ya kueleza kilichotokea ndani ya jiwe lile. Wakati huohuo vali ziliendelea kuboreshwa na bei yake kushuka, na viwanda vikazifuata. Kristadini ikasahaulika. Robo karne baadaye, mwaka 1947, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani walitengeneza tranzista, na hapo ndipo dunia ilipokubali kwamba kitu kigumu kinaweza kufanya kazi ya vali.

Katika kuhangaika na fuwele, Losev aliona jambo la pili, ambalo ndilo lililompa nafasi katika historia. Mwaka 1923 alikuwa akipima fuwele ya kaborandamu, yaani kabidi ya silikoni. Ni kitu kigumu sana, kinachofahamika zaidi kwa mafundi kama punje za msasa na mawe ya kunolea. Mahali sindano ilipoigusa fuwele, alipopitisha umeme, alikiona kimulimuli cha rangi ya kijani.

Hakuwa mtu wa kwanza kuiona nuru hiyo. Mwaka 1907 Mwingereza Henry Joseph Round, aliyekuwa msaidizi wa Guglielmo Marconi, aliiona katika madini hayohayo na kuandika taarifa fupi sana katika jarida la Electrical World. Round alitaja rangi alizoziona, akaomba kujulishwa kama kuna mwingine aliyewahi kuona jambo la aina hiyo, kisha akaendelea na shughuli zake nyingine za redio. Suala hilo lilibaki kuwa ajabu moja kati ya nyingi.

Losev hakuliacha. Swali la kwanza alilojiuliza lilikuwa kama nuru ile inatokana na joto, kama ilivyo kwa balbu ya uzi au makaa ya moto. Ili kulijibu, aliweka tone la benzini juu ya fuwele iliyokuwa iking'aa, akatazama jinsi linavyokauka. Benzini ni kimiminika chepesi kinachotoweka upesi penye joto. Tone lile lilikauka polepole kama ambavyo lingekauka juu ya jiwe baridi. Nuru ilikuwepo, ila joto la kuizaa halikuwepo.

Akasonga mbele. Alipima uhusiano kati ya mkondo na mng'ao na kutofautisha aina mbili za mng'ao kulingana na upande umeme ulikotokea. Alithibitisha pia kwamba nuru ile inaweza kuwashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa mno ambayo balbu ya uzi haiwezi kuifikia, kwa kuwa uzi huchukua muda kupata moto na kupoa.

Kutokana na sifa hiyo ya mwisho alipata wazo la matumizi. Februari 1927 aliomba hataza ya kifaa alichokiita swichi ya nuru, cha kupeleka ujumbe wa simu, telegrafu na hata picha kwa kutumia miale badala ya waya. Hataza hiyo ilitolewa mwaka 1929. Leo intaneti hupita baharini ndani ya nyuzi za kioo kwa njia ya nuru inayowashwa na kuzimwa kwa kasi isiyoonekana na jicho. Mwelekeo wa wazo hilo ulikuwa umeshaandikwa katika karatasi za yule aliyewahi kuwa tarishi.

Mwaka huohuo wa 1927 alichapisha makala ndefu ya Kirusi kuhusu mng'ao huo, na mwaka 1928 makala nyingine ilitoka kwa Kiingereza katika Philosophical Magazine la London. Ndani yake alieleza kwamba nuru ile ni kinyume cha tukio ambalo Albert Einstein alikuwa amelifafanua mwaka 1905. Einstein alionyesha kwamba nuru ikipiga metali huweza kufukuza elektroni kutoka ndani yake. Losev alisema hapa elektroni ndizo zinazopoteza nishati, na nishati hiyo hutoka ikiwa nuru. Vipimo vyake vilionyesha kwamba ukomo wa rangi za nuru ile ulitegemea volteji, kama nadharia ya kwanta inavyotaka.

Makala hizo hazikuwa za siri. Zilitoka katika majarida yaliyosomwa Moscow, London na Berlin. Mfaransa Georges Destriau, ambaye mwaka 1936 alipata nuru kutoka katika unga wa salfidi ya zinki uliochanganywa na kitu kisichopitisha umeme, aliitaja nuru ya namna hiyo kwa jina la Losev. Lakini hakuna kiwanda wala serikali iliyoona sababu ya kuiendeleza kazi yake. Mng'ao ulikuwa hafifu, na nadharia ya vitu vinavyopitisha umeme nusunusu, ambavyo si wepesi kama shaba wala si vizuizi kama mpira, ilianza kueleweka vizuri katika miaka ya 1930 tu.

Wakati huo maisha ya Losev mwenyewe yalikuwa yakiyumba. Mwaka 1928 maabara ya Nizhny Novgorod ilivunjwa na shughuli zake kuhamishiwa Leningrad, mji ambao leo unaitwa St. Petersburg. Alihamia huko. Kwa muda alifanya utafiti katika taasisi ya fizikia na ufundi iliyoongozwa na Abram Ioffe, mwanafizikia mashuhuri aliyeithamini kazi yake. Hata hivyo, mtu asiye na shahada hakuwa na mizizi katika taasisi zile. Mlinzi wake alikuwa kipaji tu, na kipaji peke yake hakikumpa ajira ya kudumu katika utafiti.

Kuanzia mwaka 1937 alifundisha fizikia katika Chuo cha Kwanza cha Tiba cha Leningrad. Ilikuwa kazi ya heshima, ila haikuwa maabara ya fuwele. Mwaka 1938, kwa juhudi za Ioffe, alitunukiwa shahada ya juu ya sayansi ya fizikia na hisabati bila kutakiwa kuwasilisha tasnifu, kwa msingi wa kazi alizokwisha kuzichapisha. Karatasi hiyo ilimfikia miaka 16 baada ya ugunduzi wake wa kwanza.

Tarehe 22 Juni 1941 Ujerumani iliivamia Urusi, na tarehe 8 Septemba mwaka huo njia za nchi kavu za kuingia Leningrad zilifungwa. Losev alibaki mjini. Chuo cha tiba kilihitaji watu, naye alielekeza ujuzi wake katika mahitaji ya vita. Alibuni mfumo wa kutoa tahadhari ya moto na chombo cha kubebeka cha kutafutia risasi na vipande vya chuma ndani ya majeraha. Aidha, alijitolea damu kwa ajili ya majeruhi.

Majira yale ya baridi yanahesabiwa miongoni mwa mabaya zaidi yaliyowahi kuupata mji wowote. Kuanzia tarehe 20 Novemba hadi 25 Desemba 1941, mgao wa mkate kwa watumishi wa ofisini, watoto na wategemezi ulikuwa gramu 125 kwa siku, nao mkate wenyewe ulichanganywa na vitu visivyokuwa unga. Hapakuwa na kuni, mabomba yaliganda na taa za umeme zilizimika. Watu walianguka barabarani wakienda kutafuta maji. Idadi ya raia waliokufa kabla mji haujakombolewa kikamilifu tarehe 27 Januari 1944 inakadiriwa kuwa kati ya laki 6 na milioni moja.

Losev alikuwa mmoja wao. Alikufa katika hospitali ya chuo kilekile alichokuwa akikifundisha. Katika miezi yake ya mwisho alikuwa akishughulika na silikoni, kitu ambacho baadaye kilikuja kuwa msingi wa kompyuta na simu zote za mkononi. Andiko lake kuhusu kazi hiyo lilipotea katika mazingira ya vita.

Baada ya kifo chake, dunia ilianza kuipita njia aliyoipita, mara nyingi bila kumtaja. Mwaka 1951 Kurt Lehovec na wenzake nchini Marekani walieleza nuru ya kabidi ya silikoni kwa kutumia elimu mpya iliyoletwa na tranzista. Ndani ya fuwele kuna upande wenye elektroni za ziada na upande wenye mashimo, yaani nafasi zilizopungukiwa elektroni. Umeme huzisukuma elektroni kuvuka mpaka, nazo zikitumbukia katika mashimo hupoteza nishati, na nishati hiyo ndiyo nuru inayoonekana.

Mwaka 1962 Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric alitengeneza LED ya kwanza yenye nuru nyekundu inayoonekana iliyofaa matumizi. Nuru ya buluu yenye nguvu ilichelewa hadi miaka ya 1990, ilipopatikana kwa kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani. Buluu hiyo ikipita katika tabaka la unga wa njano hutoa nuru nyeupe, na ndiyo iwakayo leo katika maduka ya Sakina na katika taa za sola zilizoondoa koroboi na chemli katika nyumba nyingi vijijini. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Manufaa yake yanapimika kwa shilingi. Balbu ya uzi hupoteza zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake kwa njia ya joto. LED hutoa nuru ileile kwa sehemu ndogo tu ya umeme huo. Ndiyo maana paneli ndogo ya jua, ambayo isingeweza kuwasha balbu ya kale kwa saa moja, huweza kumwangazia mwanafunzi jioni nzima.

Hatua inayofuata ndiyo inayorudisha jina la Losev katika mazungumzo. LED za kawaida huhitaji fuwele safi zinazokuzwa katika tanuri za joto kali na mitambo ya gharama kubwa. Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba hata polima inaweza kutoa nuru ikipitishiwa umeme. Faida ya polima ni kwamba huyeyushwa ikawa kimiminika na kupakwa kama rangi ya ukutani, hata juu ya kitu kinachokunjika. Hasara yake ni kwamba huharibiwa upesi na hewa ya oksijeni na unyevu.

Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiongozwa na Paul Alivisatos, waliunganisha vitu viwili hivyo vya asili tofauti. Walichukua tabaka la polima na kuliambatanisha na chembe za fuwele za ukubwa wa nanometa chache. Nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya meta. Unywele wa mtu una unene wa maelfu ya nanometa. Katika kifaa hicho polima hubeba mashimo, chembe hubeba elektroni, na vikikutana nuru hutokea.

Ajabu ya chembe hizo, zinazoitwa nukta za kwanta, ni kwamba rangi yake hutokana na ukubwa wake. Kitu kilekile kikisagwa kuwa chembe ndogo zaidi hutoa rangi ya kuelekea buluu, na chembe zikiwa kubwa kidogo hutoa nyekundu. Mtengenezaji hahitaji kubadili madini ili kubadili rangi. Hubadili kipimo tu.

Mwaka 2011 watafiti wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha matokeo ya taa za aina hiyo zilizokuwa imara zaidi, ambamo kazi ya kufikisha elektroni ilipewa chembe za nano za oksidi ya zinki, huku polima zikifikisha mashimo kutoka upande wa pili. Tangu hapo oksidi ya zinki imekuwa kiungo cha kawaida katika utafiti huo. Kile kijiwe ambacho Losev alikigusa kwa sindano kimerudi kikiwa kimesagwa hadi kutoonekana kwa jicho.

Upo uhusiano mwingine, wa mahali. Mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023 kwa ajili ya nukta za kwanta ni Alexei Ekimov, ambaye katika miaka ya mwanzo ya 1980 aliziona ndani ya kioo cha rangi akiwa katika taasisi ya elimu ya nuru mjini Leningrad, mji uleule alimofia Losev.

Taa hizo za mchanganyiko bado hazijafika dukani kama zilivyofika LED za kawaida. Runinga nyingi zinazotangazwa kuwa na nukta za kwanta huziangazia chembe hizo kwa nuru ya LED za buluu zilizo nyuma yake, badala ya kuzipitishia umeme moja kwa moja. Uhai wa rangi ya buluu ungali mfupi, na baadhi ya chembe zina kadmia, ambayo ni sumu. Kazi iliyobaki ni kubwa, na haihitaji nchi tajiri peke yake.

Kwa Arusha jambo hili haliko mbali. Barabara ya njia nne inayoanzia Sakina huishia Tengeru, umbali wa kilometa 14.1. Huko Tengeru ndiko iliko Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011 na yenye skuli inayoshughulikia sayansi ya vifaa, nishati, maji na mazingira. Oksidi ya zinki na polima hutengenezwa kwa kemikali na joto la wastani, hivyo ni sehemu ya sayansi ambayo maabara isiyo na mabilioni inaweza kuingia.

Miji ya Afrika Mashariki nayo imejaa vijana wanaofanana na yule wa Tver. Wapo mafundi wa redio na simu waliojifunza kwa kukaa kando ya fundi mwingine, wanaojua kwa vidole vyao mambo ambayo hawana cheti cha kuyathibitisha. Tofauti kati ya fundi anayebaki kibandani na yule anayeibadili elimu ya dunia haikuwa, kwa Losev, suala la akili pekee. Ilikuwa pia Lebedinsky na Bonch-Bruevich kumfungulia mlango, hata kama mlango wenyewe ulikuwa wa utarishi.

Haki ya Losev ilirejeshwa polepole. Mwaka 1976 Egon Loebner, mtafiti wa LED nchini Marekani, alichapisha historia ya taa hizo na kuiweka kazi yake mahali pake. Mwaka 2007, ilipotimia miaka 100 tangu taarifa fupi ya Round, Nikolay Zheludev wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, aliandika katika jarida la Nature Photonics akimtambua Losev kuwa ndiye mvumbuzi wa LED, kwa kuwa Round aliiona nuru lakini Losev aliielewa na kuitafutia kazi.

Heshima hiyo ilifika miaka 65 baada ya kifo chake. Gharama ya kuchelewa huko haikulipwa na yeye peke yake. Kati ya makala yake ya mwaka 1927 na LED nyekundu ya mwaka 1962 ilipita miaka 35, ambayo mamilioni ya watu waliendelea kusomea kwa moshi wa mafuta ya taa. Hakuna awezaye kusema taa hizo zingefika mapema kiasi gani kama tarishi yule angepewa maabara, wasaidizi na mkate wa kutosha. Linalojulikana ni kwamba nuru ilikuwa imeshaonekana, ilikuwa imeshapimwa, na maelezo yake yalikuwa yamewekwa wazi kwa yeyote aliyetaka kusoma.